Mimea ya pekee ya Kisiwa cha Lord Howe

Mimea ya pekee ya Kisiwa cha Lord Howe ni spishi za mimea ambazo kiasili hupatikana katika Kisiwa cha Lord Howe tu, pamoja na visiwa vidogo na miamba inayokizunguka, katika Bahari ya Tasman kati ya Australia na New Zealand. Kisiwa hicho kina takriban spishi 240 za asili za mimea yenye mishipa, yaani mimea ya maua pamoja na makangaga na jamaa zake. Zaidi ya 100 kati yake hazimei kiasili mahali pengine popote duniani. Baadhi yake hazina hata ndugu wa karibu kwingineko, kwa maana jenasi nzima iko kisiwani humo peke yake.

Mmoja kati ya mimea hiyo umeenea duniani kote kama pambo la nyumba na hoteli, nao ni kentia. Mingine huota juu ya kilele kimoja au viwili vya mlima. Kwa muda wa karne moja, kuanzia mwaka 1918 hadi 2019, kadhaa kati ya mimea hiyo ilikuwa hatarini kwa sababu ya panya walioletwa na meli.

Mahali

Kisiwa cha Lord Howe kiko karibu kilomita 600 mashariki mwa bara la Australia na ni sehemu ya jimbo la New South Wales. Urefu wake ni takriban kilomita 10, upana wake hauzidi kilomita 2 na kitu, na eneo lake lote ni kilomita za mraba 14.5 hivi. Ni mabaki ya volkeno kubwa iliyozimika zamani, yenye umri wa takriban miaka milioni 6 hadi 7. Bahari imekula sehemu kubwa ya volkeno hiyo, na kilichobaki ni ukanda mwembamba uliopinda kama mundu. Upande wa kusini vinasimama vilima viwili, Mlima Gower wenye urefu wa mita 875 na Mlima Lidgbird wenye mita 777. Katikati ni nchi ya chini, ambako watu wanaishi. Upande wa magharibi kuna wangwa uliozingirwa na miamba ya matumbawe ambayo ni miongoni mwa iliyo kusini zaidi duniani.

Hali ya hewa ni ya nusutropiki: hakuna jalidi, mvua hunyesha mwaka mzima, na vilele vya milima mara nyingi vimefunikwa na mawingu.

Hakuna dalili kwamba mwanadamu aliwahi kufika huko kabla ya tarehe 17 Februari 1788, Luteni Henry Lidgbird Ball alipokiona kisiwa akiwa safarini na meli HMS Supply kuelekea Kisiwa cha Norfolk. Wakazi wa kwanza wa kudumu walifika mwaka 1834. Jambo hilo ni muhimu kwa habari ya mimea. Visiwa vingi vya Pasifiki vilikuwa vimekaliwa na watu kwa mamia ya miaka kabla ya wataalamu kuvifikia, na watu hao walikuja na mbegu, wanyama na moto. Lord Howe haikuguswa. Hapakuwa na mnyama yeyote wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo.

Asili ya mimea hiyo

Kisiwa cha volkeno huzaliwa kikiwa mwamba mtupu, na hiki hakijawahi kuunganishwa na bara lolote. Kwa hiyo kila mmea wa asili ulioko huko ulitoka ng'ambo. Mbegu nyepesi na vumbi la makangaga vilipeperushwa na upepo, nyingine zilibebwa tumboni au miguuni mwa ndege, na nyingine zilielea juu ya maji. Wengi wa wahenga wa mimea hiyo walitoka Australia, New Zealand na Kaledonia Mpya.

Mmea mmoja, Carmichaelia exsul wa jamii ya kunde, unaonyesha vizuri mambo yalivyokuwa. Spishi nyingine zote za jenasi Carmichaelia ziko New Zealand. Huu peke yake uko nje. Jina exsul ni neno la Kilatini lenye maana ya mtu aliye uhamishoni.

Mfano mwingine unagusa Afrika. Dietes robinsoniana ni mmea wa jamii ya irisi wenye majani marefu kama panga na maua makubwa meupe yenye alama za njano. Huota kwenye magenge na miteremko ya kisiwa. Jenasi Dietes ina spishi sita hivi, na zote isipokuwa hii ni za Afrika ya mashariki na kusini. Mmojawapo, Dietes iridioides, hupatikana katika misitu ya Kenya na Tanzania. Kati ya ndugu hao na yule wa Lord Howe kuna Bahari ya Hindi nzima na bara zima la Australia.

Mbegu ikishafika na kuota mahali pa mbali namna hiyo, haipati tena chavua kutoka kwao. Kizazi baada ya kizazi mmea hubadilika kufuata udongo, upepo na ukungu wa mahali pake papya, hata ukawa spishi nyingine. Vilevile huacha vitu usivyovihitaji. Mahali pasipo na mnyama wa kutafuna mbegu, mmea hauna sababu ya kuzifunika kwa ganda gumu sana au kuzitia sumu.

Kentia na jamaa zake

Spishi nne za familia Arecaceae, yaani jamaa za mnazi, mtende, mpopoo na mchikichi, ni za asili ya kisiwa hiki, na zote nne haziko kwingineko. Hata jenasi zake tatu (Howea, Hedyscepe na Lepidorrhachis) ni za Lord Howe tu.

Unaojulikana zaidi ni kentia (Howea forsteriana), mti wa nchi ya chini ambao hufunika maeneo makubwa karibu na ufuko. Shina lake ni jembamba lenye pete za makovu ya makuti yaliyoanguka, na makuti yake yana vijani vinavyoning'inia. Wakazi wa kwanza waliezekea nyumba zao kwa makuti hayo, kama watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanavyotumia ya mnazi.

Ndugu yake ni Howea belmoreana. Makuti yake yamepinda kama upinde na vijani vyake vinasimama juu badala ya kuning'inia. Njia rahisi ya kuitofautisha miti hiyo miwili ni kutazama maua: Howea belmoreana hutoa kishada kimoja kimoja, lakini kentia hutoa vishada kadhaa kutoka mahali pamoja. Majina ya spishi hizo yalitungwa na Ferdinand von Mueller mwaka 1870, baada ya Charles Moore, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Sydney, kutembelea kisiwa mwaka 1869. Mmoja ulipewa jina la mwanasiasa William Forster, na mwingine la Earl wa Belmore, aliyekuwa gavana wa New South Wales. Mueller aliiweka miti hiyo katika jenasi Kentia. Mwaka 1877 Mwitalia Odoardo Beccari aliitenga katika jenasi yake yenyewe, Howea, lakini wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzoea jina la zamani, nalo limebaki hadi leo.

Miti hii miwili ina umuhimu wa pekee katika elimu ya viumbe. Kwa kawaida spishi moja hugawanyika kuwa mbili pale ambapo bahari, mlima au jangwa limewatenga viumbe wa pande mbili wasiweze kuzaana. Lord Howe ni ndogo mno kwa utengano wa namna hiyo, na chavua ya Howea husafirishwa na upepo, hivyo inaweza kufika kila pembe ya kisiwa. Hata hivyo uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Nature na Vincent Savolainen na wenzake ulionyesha kwamba spishi hizo mbili zilitokana na mhenga mmoja hukohuko kisiwani, katika muda usiozidi miaka milioni 2. Kilichozitenga kinaelekea kuwa udongo. Kentia humea zaidi kwenye udongo wenye chokaa uliotokana na mchanga wa makombe na matumbawe; Howea belmoreana hupendelea udongo wa volkeno. Tena kentia hutoa maua majuma kadhaa kabla ya mwenzake. Miti iliyochanua wakati mmoja ilichavushana yenyewe kwa yenyewe, na polepole jamii moja ikawa mbili ingawa zimesimama karibu karibu. Mifano iliyothibitishwa ya namna hiyo ni michache sana, na huu hutajwa mara nyingi katika vitabu vya elimu ya mageuko.

Mti wa tatu, Hedyscepe canterburyana, huanza kuonekana kwenye miteremko ya juu ya milima. Sehemu ya juu ya shina lake ni laini, yenye rangi ya fedha inayoelekea buluu, na matunda yake ni makubwa kama mayai madogo. Wa nne, Lepidorrhachis mooreana, ni mfupi na mnene, nadra kuzidi mita chache, na huishi tu kwenye vilele vya Gower na Lidgbird na sehemu zilizo karibu navyo, ndani ya mawingu. Matunda yake ni mekundu na ya mviringo. Huo ndio ulioteseka kuliko yote.

Biashara ya kentia

Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 mbegu za kentia zilianza kuuzwa Ulaya na Marekani. Mti huu huvumilia mambo yanayoua mimea mingi ya nchi za joto: mwanga hafifu, baridi ya wastani, hewa kavu ya ndani na mwenyeji anayesahau kumwagilia. Kwa hiyo ulifaa kabisa kwa sebule za Uingereza zenye mapazia mazito na kwa kumbi za hoteli. Kisiwani, kuuza mbegu kukawa njia kuu ya kupata fedha. Baadaye vitalu vya kisiwa vilianza kuotesha mbegu na kuuza miche pia. Leo kentia hupandwa katika nchi nyingi, na haiwezekani kusema spishi hii itapotea hivi karibuni. Ndugu zake wa milimani hawana bima hiyo.

Mimea mingine

Mkadi wa Lord Howe (Pandanus forsteri) ni jamaa wa mikadi ya pwani ya Afrika Mashariki na una mizizi mirefu ya hewani inayoshuka kutoka shinani kama nguzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza jinsi unavyokusanya maji ya mvua. Majani yake yamekunjwa kama mifereji ya bati ukingoni mwa paa. Maji huteremka humo hadi kwenye shina, hufuata njia maalumu za shina, kisha hufika kwenye mizizi ya hewani ambayo ncha zake zina tishu laini ya kuyanyonya. Mzizi ambao haujafika ardhini huweza kunyweshwa kwa njia hiyo wakati ukiendelea kushuka.

Negria rhabdothamnoides ni spishi pekee ya jenasi yake. Ni ya familia Gesneriaceae, familia ileile ya ua la Usambara la Tanzania, linalopandwa katika vyungu dunia nzima. Jamaa wengi wa familia hiyo ni mimea midogo laini; Negria ni mti wa mita kadhaa wenye maua ya rangi ya machungwa, na hupenda mabonde yenye unyevu na miinuko.

Kuna pia makangaga-miti ya spishi nne, vichaka kadhaa vya jenasi Coprosma (kimojawapo, Coprosma putida, kilipewa jina hilo kwa sababu ya harufu yake mbaya), na Melaleuca howeana, kichaka kinachostahimili chumvi na upepo wa magenge. Kichaka hiki huota hata kwenye Piramidi ya Ball, nguzo ya mwamba yenye urefu wa zaidi ya mita 550 inayotoka baharini kilomita 23 kusini-mashariki mwa kisiwa. Mwaka 2001, chini ya vichaka vya Melaleuca kwenye mwamba huo, walipatikana wadudu-vijiti wakubwa wa spishi Dryococelus australis waliodhaniwa kuwa wametoweka tangu miaka ya 1920. Walikuwa wachache mno, nao walikuwa wakila majani ya kichaka hicho.

Msitu wa mawingu

Kilele cha Mlima Gower ni uwanda wa hekta 27 hivi. Msitu wake ni mfupi na uliojipinda kwa upepo, na kila shina limevikwa ukoga wa kijani. Humo mna Dracophyllum fitzgeraldii, Metrosideros nervulosa, Zygogynum howeanum, Lepidorrhachis na makangaga mengi. Sehemu kubwa ya maji ya msitu huo hutokana na mawingu yanayogusa majani na kudondoka matone. Ndege wa baharini, hasa Pterodroma solandri ambaye karibu wote huzaliana kisiwani humo, huchimba viota vyao chini ya miti na kurutubisha udongo kwa mavi yao. Kwa kuwa hakuna ardhi iliyo juu zaidi, mimea ya hapo haiwezi kupanda mlima ikiwa mawingu yatapungua au kuinuka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi.

Panya wa mwaka 1918

Mwezi Juni 1918 meli ya mvuke Makambo ilikwama ufukoni mwa kisiwa na kukaa siku tisa ikitengenezwa. Panya weusi (Rattus rattus) walishuka. Panya wadogo wa nyumbani walikuwa wamekwisha kufika katika karne iliyotangulia, lakini hawa weusi hupanda miti vizuri na hula karibu kila kitu. Katika miaka michache spishi tano za ndege wa kisiwa hicho zilitoweka kabisa. Wakazi walijaribu kujitetea: mikia ya panya ilinunuliwa, na katika miaka ya 1920 bundi waliletwa kutoka nje ili wawale. Bundi hao wakawa tatizo jingine, kwa maana waliwala pia ndege wa asili.

Hasara ya mimea haikuonekana haraka, na hapo ndipo penye hatari. Ndege akiliwa hayupo tena. Mti wa kentia unaishi miaka mingi, na panya hawakuuangusha. Walikula matunda na mbegu zake. Mtu aliyepita msituni aliona miti mizima yenye makuti ya kijani na maua, akaona kwamba mambo ni mazuri. Hakuona kwamba chini yake hapakuwa na mche hata mmoja. Msitu wa namna hiyo ni kama kijiji chenye wazee tu.

Wauza mbegu walitambua mapema, kwa kuwa mapato yao yalishuka, na kwa miaka mingi sumu ya panya ilitegwa katika mashamba ya kentia ya nchi ya chini. Mlimani ilitegwa sehemu ndogo tu. Tofauti hiyo iliwapa watafiti kipimo kizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha sehemu zilizotegwa sumu na zisizotegwa, ukakuta kwamba panya walikula mbegu nyingi za Hedyscepe, na kwa Lepidorrhachis walikuwa wamezuia karibu kabisa kuzaliwa kwa miche mipya mahali pasipo na sumu. Mti ambao makao yake yote ni vilele viwili ulikuwa ukingoja tu wazee wake wafe.

Panya hawakuwa peke yao. Nguruwe, mbuzi na paka walioachwa kisiwani waliharibu mimea na ndege pia, nao waliondolewa kuanzia miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa karne ya 20.

Kuondolewa kwa panya

Mpango wa kuwaangamiza panya wote kwa mara moja ulijadiliwa kwa miaka mingi na uliwagawa wakazi. Wengine walihofia sumu karibu na nyumba, watoto, mifugo na samaki. Wengine waliona kwamba kutega sumu kidogo kidogo milele ndiko kulikokuwa hatari zaidi. Waliounga mkono walishinda kwa tofauti ndogo. Hofu ile haikuwa ya kipuuzi, kwani katika kisiwa chenye watu mia chache kila mtu anaishi jirani na msitu.

Kazi ilifanyika mwaka 2019. Maelfu ya vituo vya chambo viliwekwa katika makazi, na helikopta zilimwaga chambo milimani ambako mtu hafiki kwa miguu. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya ndege wa spishi Hypotaenidia sylvestris, ambao hawawezi kuruka na hupatikana kisiwani humo tu, walikamatwa na kuhifadhiwa mabandani wasije wakala sumu. Mwaka 2021 panya wawili walionekana tena, na chambo kikarudishwa mara moja.

Matokeo kwa mimea yalianza kuonekana ndani ya muda mfupi. Matunda yalibaki mitini hadi yakaiva, na miche ikaanza kuonekana chini ya miti iliyokuwa haina watoto kwa miongo mingi, ikiwa ni pamoja na ile ya milimani. Idadi ya ndege waliohifadhiwa imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Hatari zilizopo

Kisiwa kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni hifadhi. Idadi ya wageni kwa wakati mmoja haizidi 400. Hata hivyo magugu ya kigeni ni mengi. Baya miongoni mwake ni Psidium cattleyanum, ndugu wa mpera wa kawaida, ambao huenezwa na ndege na kusonga mimea ya asili. Mpango wa kuyang'oa magugu, unaopita kila sehemu ya kisiwa kwa awamu, ulianza mwaka 2004.

Hatari mpya zaidi ni kutu ya mihadasi, ugonjwa wa kuvu Austropuccinia psidii. Hushambulia familia Myrtaceae, ambamo mna mpera, mzambarau, mkarafuu na mkaratusi. Uligunduliwa kisiwani mwaka 2016 katika bustani chache ukaondolewa, kisha ukarudi mwaka 2023. Spishi na nususpishi tano za familia hiyo ni za Lord Howe tu, miongoni mwazo Melaleuca howeana, Syzygium fullagarii na Metrosideros nervulosa ya msitu wa mawingu. Vumbi la kuvu hiyo hubebwa na upepo na nguo. Kuna pia Phytophthora cinnamomi, kiumbe cha udongoni kinachoozesha mizizi, nacho husafiri kwenye matope ya viatu. Kwa sababu hiyo kwenye mwanzo wa njia za kupanda milimani kuna vituo vya kusugulia na kunyunyizia dawa nyayo za viatu.